Mstari wa Nyuzi 38 na Joto la Mombasa Bara

Bomba la mafuta linaloondokea Changamwe kwenda Nairobi halibebi bidhaa moja. Ikipita petroli, nyuma yake huja dizeli, na nyuma ya dizeli mafuta ya taa au ya ndege, zote katika chuma kimoja, zikisukumana bila ya kizuizi baina yake. Pale bidhaa mbili zinapokutana hutokea mchanganyiko, na kazi mojawapo ya vituo vya bomba la namna hii ni kupima uzito wa mafuta yanayopita ili ijulikane mchanganyiko huo umeanza wapi na umeishia wapi, ukatwe na kutengwa. Gharama yote hiyo hulipwa kwa sababu petroli kidogo tu ikiingia katika mafuta ya taa, mafuta hayo hubadilika tabia mbele ya moto. Nje ya uzio wa matenki hakuna anayepima. Petroli ya bodaboda huuzwa ndani ya chupa za soda kando ya barabara za Likoni na Kisauni, na aghalabu chupa hizo hukaa rafu moja na mafuta ya taa, viberiti na mishumaa, chini ya bati lisilo na dari.

Wataalamu wa moto hugawa vitu mafungu matatu. Kuna vinavyowaka upesi, ambavyo cheche moja katika joto la kawaida la hewa inatosha kuviwasha. Kuna vinavyoungua, ila mpaka vipashwe joto kwanza. Na kuna visivyoungua, ambavyo hata ukivitia tanuruni havitoi mwali. Mgawanyo huu ndio unaoamua vibandiko vya malori ya mafuta, umbali wa tenki na tenki, na vifaa anavyoruhusiwa mjenzi kutumia. Ni mgawanyo wa maana, wala sina ugomvi nao. Ninachopinga ni mazoea ya kuuchukua kana kwamba ni sifa ya kudumu ya kitu. Hakika yake ni kwamba unaeleza kitu kikiwa katika hali fulani: joto fulani, umbo fulani, usafi fulani. Hali ikibadilika, kitu huhama fungu. Na Mombasa bara, kwa hali ya hewa yake na kwa namna tunavyoishi humo, vitu huhama fungu kila adhuhuri.

Tuanze na mafuta. Mafuta yenyewe hayaungui. Kinachoungua ni mvuke unaopanda juu yake ukachanganyika na hewa. Kwa hiyo swali la kwanza la mpimaji ni joto gani la chini kabisa ambalo mafuta haya hutoa mvuke wa kutosha kushika moto. Chombo chake ni kikombe kidogo cha shaba chenye kifuniko, kinachojulikana maabara kwa majina ya waliokibuni, Pensky na Martens. Mafuta hutiwa mpaka alama iliyochorwa kwa ndani, kifuniko kikafungwa, kikombe kikapashwa moto polepole huku mafuta yakikorogwa. Kila joto linapopanda kidogo, tundu la kifunikoni hufunguliwa na kimwali cha milimita chache huteremshwa ndani, kisha hurudishwa juu. Hakuna kinachotokea. Kinateremshwa tena, hakuna kitu. Halafu, kwenye joto fulani, mvuke unamweka: mwali hafifu huruka ndani ya kikombe na kuzimika papo hapo. Joto hilo ndilo huandikwa. Petroli haihitaji hata kupashwa, maana hufikia hapo kwenye nyuzi 40 na ushei chini ya sufuri, baridi ambayo Afrika Mashariki haijapata kuijua. Mafuta ya taa huanzia nyuzi 38 za Selsiasi. Dizeli hupita 50. Mafuta ya kupikia hayafanyi hivyo mpaka yapite 200, na mengine hukaribia au kupita 300.

Sasa tazama ile 38. Marekani ndiko mstari wa namna hiyo ulikotumika muda mrefu, nyuzi 100 kwa kipimo chao cha Farenhaiti: kimiminika kinachomweka chini ya hapo huhesabiwa ni cha kuwaka upesi, kilicho juu yake huhesabiwa ni cha kuungua tu. Fikra iliyo nyuma ya mstari huo ni nyepesi: hewa ya kawaida haifiki joto hilo mara nyingi, basi kimiminika cha juu ya mstari hakitatoa mvuke wa hatari mpaka mtu akipashe moto. Mifumo mingine siku hizi imeuvuta mstari hadi nyuzi 60, na nadhani ndiyo iliyo karibu zaidi na hali yetu. Mombasa, Februari na Machi, hewa ya mchana kivulini hufika nyuzi 32 au 33. Bati lenye kutu lililopigwa na jua la saa saba hufika 60 na kupita, na chumba kilicho chini yake bila ya dari hakiwezi kubaki na joto la kivulini. Kati ya 33 na 38 pana nyuzi tano tu. Kibanda cha bati Mtongwe au Magogoni huzimaliza nyuzi hizo bila mtu yeyote kuwasha chochote, na debe la mafuta ya taa lililowekwa humo asubuhi likiwa katika fungu la vitu vinavyoungua, mchana huweza kuwa katika fungu la vitu vinavyowaka upesi. Hakuna aliyelihamisha debe. Kilichohama ni joto.

Usafi nao huhamisha. Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kukomesha wachuuzi waliokuwa wakiyachanganya na dizeli, kwa vile mafuta ya taa yalikuwa ya bei nafuu. Mjadala wa wakati ule ulikuwa juu ya injini zinazoharibika na kodi inayopotea, na ilikuwa haki kuujadili. Lakini mchanganyiko ulio hatari zaidi kwa mwenye nyumba ni ule mwingine: petroli ndani ya mafuta ya taa, kwa hila au kwa uzembe wa kutumia kopo moja kupimia zote mbili. Sehemu chache katika mia zinatosha kulishusha joto la kumweka chini kabisa ya joto la chumba. Harufu inaweza isikushtue, rangi isikuambie kitu, na stovu iliyokutumikia miaka ikalipuka. Pombe nayo ina kanuni hiyohiyo. Mnazi unaogemwa Kisauni, wenye kilevi cha asilimia tano hivi, hautoi mvuke wa kushika moto mpaka ufike nyuzi 60 hivi. Utaumwaga jikoni na usifanye lolote ila kuzima makaa. Kilevi kikifikishwa asilimia 40 kwa kukenekwa, kama ilivyo kwa chang'aa kali, huteremka hadi nyuzi 26 au karibu yake, yaani chini ya joto la mchana wa kawaida wa Mombasa. Sanitaiza zilizojaa kila mlango wakati wa korona mwaka 2020 zilikuwa kali zaidi ya hapo, nasi tukazining'iniza karibu na majiko kama maji ya kunawa.

Umbo ni jambo la tatu, na ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Mafuta mazito yanayoendesha mitambo ya umeme ya Kipevu ni mazito hata lazima yapashwe joto kwanza ndipo yatiririke bombani. Ukiyamwaga sakafuni na kuyatupia njiti iliyowashwa, njiti itazimika. Mafuta hayohayo yakinyunyizwa kama ukungu ndani ya injini huungua kwa nguvu ya kuendesha jenereta za megawati. Utambi wa stovu hufanya kazi kama hiyo: huyapandisha mafuta ya taa katika nyuzi za pamba, ukatengeneza eneo pana la kutolea mvuke, na ndiyo sababu tambara lililolowa mafuta ya taa huwaka pale ambapo bakuli la mafuta hayo hayo lingekataa. Unga wa ngano katika gunia ni vigumu kuuwasha. Ukitimuka hewani ndani ya kinu kilichofungwa hulipuka. Kinu cha Washburn cha Minneapolis, Marekani, kiliharibiwa na vumbi la unga mwaka 1878, na watu 18 walikufa. Pwani yetu ina mfano wake wenyewe, nao hauhitaji hata cheche: mbata. Nazi iliyokaushwa vibaya na kurundikwa ikiwa na unyevu hujipasha joto kwa ndani, na katika kanuni za kimataifa za shehena za meli mbata huandikwa katika daraja la vitu vinavyoweza kuwaka vyenyewe. Mkulima aliyeuza magunia mawili hana habari ya daraja hilo, na hakosi kitu. Mwenye ghala aliyejaza chumba mpaka darini anapaswa kuwa nayo.

Mikasa mikubwa ya moto katika eneo letu hueleweka vizuri zaidi ukiitazama kwa jicho hili. Sachangwan, Januari 2009, lori la petroli lilipinduka na zaidi ya watu 110 wakafa. Sinai, Nairobi, Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka kituo cha bomba ikaingia mtaro wa maji ya mvua, ikateremka nao mpaka vibandani, na karibu watu 100 wakafa. Morogoro, Agosti 2019, hali ilikuwa ileile ya Sachangwan na idadi ya waliokufa ikafikia 100 hivi. Kila mara lawama ziliwashukia waliochota mafuta yaliyomwagika, kwamba umaskini na tamaa vimewaua. Lakini waliochota hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wakifanya walilozoea kufanya na dizeli na mafuta ya taa, ambayo ukiyachota juani kwa tahadhari ya kawaida aghalabu hutoka salama. Mvuke wa petroli hauonekani, ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji, na unahitaji kufika asilimia moja na nusu tu ya hewa ili ushike. Anayevuta sigara mita nyingi kutoka kwenye dimbwi yumo ndani ya moto tayari, ila haujawaka. Gesi ya kupikia iko hivyohivyo, na Embakasi, Nairobi, ilituonyesha usiku wa tarehe 1 Februari 2024, ulipotokea mlipuko katika kituo cha kujaza mitungi ambacho mamlaka ya kawi, EPRA, ilikuwa imekataa kukipa kibali. Changamwe ina historia ndefu ya mafuta: kiwanda cha kusafisha mafuta kilianza kazi mwaka 1963 na kusimama 2013, na matenki yake bado yanatumika. Mitaro ya mvua inayopita kando ya uzio huo ingestahili kuchorwa katika ramani moja na mabomba.

Hapa msomaji wa Mombasa ataleta hoja yake, nayo ni ya kale: dawa ni kujenga kwa visivyoungua. Mawe, saruji na bati vishinde, makuti yaondoke. Hoja hii ina ukweli wake, maana makuti ni kuni zilizoshonwa. Majani ya mnazi hukunjwa juu ya ufito na kushonwa kipande kwa kipande, kisha vipande hupandishwa kimoja juu ya kingine, kila tabaka likiacha hewa chini yake. Hewa hiyo ndiyo inayoipoza nyumba, na ndiyo inayoulisha moto ukipanda mteremko wa paa. Msimu wa kaskazi, makuti yakiwa makavu na upepo ukivuma, paa zima huenda kabla ya mtu kutoa vyombo. Uganda ilipoteza makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi Machi 2010 chini ya paa la nyasi, jengo lililokuwa katika orodha ya urithi wa dunia. Sitetei makuti jirani na jiko.

Lakini neno kutoungua linabeba ahadi kubwa kuliko inavyoweza kutimiza. Kipimo cha kimataifa cha kitu kisichoungua ni kukitia kipande chake katika tanuru ya nyuzi 750 kwa muda wa nusu saa hivi na kuangalia kama kitaongeza joto au kutoa mwali. Kikifaulu, tunajua kwamba hakiulishi moto. Hatujajua kama kitausimamisha, wala kama kitasimama chenyewe. Chuma hufaulu, na kikifika nyuzi 550 au 600 hubaki na karibu nusu tu ya nguvu zake. Bati hufaulu, na hupitisha joto hadi kwenye ubao na pazia vilivyo upande wa pili kana kwamba halipo. Jiwe la matumbawe hufaulu pia, na watu wa pwani wanajua tangu zamani moto hulifanya nini: wachoma chokaa walilipanga juu ya magogo, wakawasha, na lililotoka lilikuwa jepesi, jeupe, lenye kumeguka, na ukilimwagia maji hufoka kwa joto linaloweza kuwasha gunia lililo kando. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza uzalishaji mwaka 1954 kando ya machimbo ya matumbawe, hulipeleka jiwe hilo hadi nyuzi 1,450 ili kupata saruji ambayo tunaijengea kuta za kutuepusha na moto. Jiwe halikuungua popote katika safari hiyo. Limebadilika tu, na ukuta unaobadilika ukiwa nawe ndani si kinga.

Kubwa zaidi ni vilivyomo ndani ya kuta. Nyumba ya mawe ya Kiembeni ina magodoro ya sponji, makochi, mapazia ya nailoni na dari za plastiki, na sponji ya godoro moja ikishika huweza kukijaza chumba moshi wenye sumu na kukifikisha mahali pa kuwaka chote kwa dakika chache. Ukuta usioungua huuhifadhi moto huo ndani kama tanuru ya mwokaji mikate. Moto wa bweni la shule ya wasichana ya Bombolulu, Kwale, mwaka 1998, uliua zaidi ya 20 huku madirisha yakiwa na vyuma, na vyuma vile, ukitaka kuwa mkali wa lugha ya kanuni, ni vitu visivyoungua. Na dunia tajiri imetupa somo la namna nyingine: jengo la Grenfell, London, Juni 2017, lilivishwa paneli za alumini, nyuso mbili zisizowaka kwa urahisi na katikati yake utando wa plastiki, nalo likawaka na kuua watu 72. Hoteli ya Address, Dubai, mkesha wa mwaka mpya wa 2016, iliwaka nje ghorofa kwa ghorofa kwa vifuniko vya aina hiyo. Paneli hizi sasa zinang'ara kwenye maduka makubwa na vituo vya petroli vya Mombasa, na anayezinunua huuliza bei na rangi.

Hoja nyingine ni ya mfuko. Mtu anayelipa kodi ya chumba kimoja Likoni, itasemwa, hana fedha za kuchagua kati ya kinachoungua na kisichoungua. Hotuba juu ya nyuzi za Selsiasi ni ya wenye nacho. Nailewa hoja hii, na ingenishinda lau tahadhari zingekuwa za kununuliwa. Ila nyingi ni za kupanga. Petroli nje na mafuta ya taa ndani hakugharimu kitu. Makopo mawili ya kupimia badala ya moja ni shilingi chache. Mtungi wa gesi kukaa karibu na mlango, mahali ambapo uvujaji utatoka nje kwa chini, ni suala la kusogeza meza. Na nyumba ya maskini wa pwani haikuwa nyonge mbele ya moto kama tunavyoambiwa. Ukuta wa udongo uliokandikwa juu ya fito na boriti ni kisichoungua kilichokifunika kinachoungua. Moto huchelewa kuifikia miti iliyo ndani, na udongo haupitishi joto upesi kama bati. Nyumba ya udongo iliyoezekwa bati imeondoa kuni darini na kubaki na ngao ukutani. Tumeizoea kuiita duni, tukaibomoa na kuweka mabati manne yaliyopigiliwa kwenye mbao tupu, na jambo hilo likaitwa maendeleo ya makazi. Kwa upande wa moto, na kwa upande wa joto la mchana pia, ni kurudi nyuma.

Atakuja mwenye kusema, basi kama kila kitu huhama, makundi yana faida gani? Faida yake ni kubwa kwa yule anayeshika hali. Katika maghala makubwa ya mafuta, petroli hupewa matenki yenye paa linaloelea juu ya mafuta yenyewe ili kusibaki nafasi ya mvuke kukusanyika, hali dizeli hukaa chini ya paa la kawaida. Hapo makundi yanafanya kazi, kwa sababu joto, umbo na usafi vinalindwa na mtu anayelipwa kuvilinda. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 za kupunguza hatari za moto sehemu za kazi zimeandikwa kwa mahali pa namna hiyo, na kanuni mpya za kitaifa za ujenzi zilizochapishwa 2024 zinaanza na jengo. Duka la mtaani haliko katika hali hiyo, na ukaguzi wake haupaswi kuwa nakala ndogo ya ukaguzi wa kiwanda. Kizimamoto kilichotundikwa ukutani kwa ajili ya kupata cheti hakisemi chochote juu ya rafu iliyo chini yake. Maswali yenye faida ni machache: nini kimewekwa karibu na nini, kimefungwaje, kinapimwa kwa kopo gani, na chumba hiki kina joto kiasi gani kikiwa kibaya kabisa. Mkaguzi wa kaunti akiingia dukani Mtongwe saa saba mchana wa mwezi wa Februari, na kipimajoto mfukoni, atajua mengi ambayo fomu ya saa mbili asubuhi haina mahali pa kuyaandika.